Njia haipitwi bure

Wiki hii tuache kidogo mambo ya nani kamwacha nani, tuzungumze safari. Najua sisi vijana wa mjini tukisikia neno safari, akili inakimbilia majuu moja kwa moja. Viza, pasi, mshiko wa nauli, na binamu aliyeko huko ambaye simu yake haipokelewi tangu Krismasi.

Lakini kuna swali moja hatujiulizi. Hivi hiyo njia yenyewe nani anailipia?

Siongelei lami. Naongelea ule mlango wa mpakani, afisa anayekugongea muhuri, kompyuta inayosoma pasi yako, mikutano ambayo nchi zinakaa na kukubaliana nani apite na nani arudishwe. Naongelea na hema analopewa mtu aliyekimbia risasi na mtoto mgongoni. Vyote hivyo vina gharama, na kila mwaka kuna serikali mahali fulani inatia mkono mfukoni. Sasa anayetoa hela anapata nini? Na asiyetoa anakosa nini?

Kupata jibu, tupande basi twende Ziba.

"Ziba ndiyo wapi tena, Anko?"

Unaona sasa! Mitaa ya London unaijua kwa majina, Ziba huijui. Ziba iko wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Ukitoka Dar na basi la Mwanza, mkaiacha Singida, mkateremka Sekenke, basi mmeingia Igunga. Huko ni nchi ya pamba, ng'ombe na mpunga. Barabara kuu inayokatisha wilaya hiyo kuelekea Nzega ndiyo inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi usiku na mchana. Kwa hiyo kijana wa Ziba, hata kama hajawahi kuona bahari, habari za mipaka anazo. Watu wa kwao wamekaa kwenye njia ya wasafiri kabla hata babu yake hajazaliwa.

HONGO ILIKUWA HALALI

Zamani, kabla Mjerumani hajaja, misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Pale njia zinagawanyika: moja inakwenda Ujiji, nyingine inapanda kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa miguu haswa. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na nguo kurudi bara. Na tusifiche, msomaji wangu, njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo wakapelekwa kuuzwa.

Sasa ukifika kwenye himaya ya mtemi hupiti hivi hivi. Unalipa hongo. Ndiyo, hongo! Hili neno ambalo leo likitajwa tu TAKUKURU wanakaa sawa, enzi hizo lilikuwa ushuru wa wazi kabisa. Unakaa chini na watu wa mtemi, mnapatana, unatoa mzigo. Yeye anakupa nini? Ruhusa ya kupita, maji ya kisima chake, nafasi ya kununua chakula, na amani mpaka mpaka wa mwenzake. Ugogo ambako maji yalikuwa ya shida, mwenye kisima ndiye mwenye kauli.

Ukileta ubishi? Njia inafungwa. Waulize matajiri wa Kiarabu wa Tabora waliogombana na mtemi Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 jamaa alifunga njia ya Ujiji, na biashara ikakwama. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijikuta ameingia katikati ya vita hiyo na ikabidi azunguke kusini.

Na hongo ililipwa kwa nini? Shanga, nyaya za shaba, na zaidi nguo. Zilipimwa kwa doti, doti hii hii ambayo mama yako anaitumia mpaka leo akinunua khanga. Na nguo iliyopendwa kuliko nyingi iliitwa merikani. Jina limetoka wapi? Marekani! Ilikuwa ni shuka ya pamba iliyofumwa huko New England, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Marekani na Sultani wa Unguja walitiliana mkataba wa biashara mwaka 1833.

Kwa hiyo, washikaji, habari ya njia za Kiafrika kulipiwa kwa kitu cha Marekani haikuanza jana. Kilichobadilika ni nani anapokea na nani anaamua. Wakati ule mgeni alileta merikani, lakini masharti yalikuwa ya mtemi. Shika hiyo, tutaihitaji mbele.

MPE JEMBE

Tusogee mpaka mwaka 1972. Burundi kuna mauaji makubwa, watu wanakimbilia kwetu kwa maelfu. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwafungia kwenye uzio. Iliwapa ardhi. Ndipo yakaanza makazi ya Ulyankulu hapo hapo mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Kazi iligawanywa kwa mapatano ya pande tatu: serikali ikatoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, likatafuta fedha kwa nchi wafadhili, na shirika la Walutheri lililojulikana kwa ufupisho TCRS likafanya kazi ya barabara, visima na shule.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe kweli. Walifyeka pori la miombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yanajilisha yenyewe. Dunia ikapiga makofi, na mwaka 1983 Mwalimu akapewa nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatendea wakimbizi mema.

Nishani ni kitu kizuri. Lakini hebu tupige hesabu ya kawaida kama ya muuza genge. Mfadhili akitoa dola, zinaandikwa kwenye ripoti, na bendera yake inabandikwa kwenye gari. Sisi tulipotoa pori la Ulyankulu, nani aliandika thamani yake? Miaka yote ile ya kukaa na wageni, kushirikiana nao zahanati na soko, iko kwenye risiti ya nani? Haipo. Ndiyo maana kila mkutano unapoitishwa, sisi tunatajwa kama wapokea misaada, wakati ukweli ni kwamba sisi pia ni wafadhili, tena wa siku nyingi. Tatizo letu ni kwamba hatujawahi kutoa bili.

CHETI KILICHOCHELEWA

Twende kwenye jambo lenyewe linalouma. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walikubaliana kumaliza suala la hawa watu wa 1972. Walikuwa wamefika kama 218,000 pamoja na watoto na wajukuu. Waliulizwa: mnarudi au mnabaki? Kama mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki waliomba uraia wa Tanzania. Mwaka 2008 UNHCR ikazitangazia nchi wafadhili kwamba zinahitajika dola milioni 34 kwa kazi hiyo ya miaka miwili. Hapa ndipo unapoona maana ya nchi kuchangia ushirikiano wa uhamiaji. Ile fedha ndiyo inayohesabu watu, kujaza fomu, kukodi malori ya wanaorudi na kuwapa chochote cha kuanzia maisha.

Kufikia mwaka 2010 maombi zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Hiyo ni historia. Ni nchi chache sana duniani zimewahi kuwapa wakimbizi wengi hivyo uraia kwa mkupuo mmoja. Shangwe!

Halafu kimya.

Mpango ulikuwa kwamba raia hawa wapya watawanywe kwenye mikoa 16, makazi yafungwe, na cheti utapewa ukishahama. Sasa kuhamisha watu laki moja na sitini si sawa na kuhama chumba Manzese kwenda Sinza. Wanakohamia kunahitajika ardhi, shule, maji na zahanati, na wenyeji wa huko nao wana maswali yao. Fedha ya kazi kubwa kiasi hicho ikawa ngumu kupatikana. Mpango ukalala.

Hebu vaa viatu vya kijana wa Ulyankulu wa wakati ule. Umezaliwa hapo. Kiswahili chako ni hiki hiki, Simba na Yanga unazijua, Bujumbura hujawahi kufika. Uraia wa Burundi umeukana kwenye karatasi, cheti cha Tanzania hujakabidhiwa. Ukitaka kujenga nyumba ya tofali za kuchoma unasita, maana umeambiwa utahamishwa. Kura hupigi. Ukisafiri, unaulizwa wewe nani. Unajibu nini?

Ilibidi ifike Oktoba 2014 ndipo Rais Jakaya Kikwete akatangaza kwamba uraia wao umekamilika, na ugawaji wa vyeti ukaanza, bila lile sharti la kuhama kwanza. Miaka minne ya mtu kukaa hewani! Sisemi fedha peke yake ndiyo iliyochelewesha, siasa nayo ilikuwamo. Lakini mpango ukitegemea mfuko wa mtu mwingine, na mfuko huo ukisinyaa, anayekaa hewani ni yule kijana. Mfadhili anaendelea na maisha yake.

DARAJA LA RUSUMO

Tusiwe watu wa lawama tu. Kuna msaada unaouona kwa macho. Yale malori yanayopita Igunga na Nzega yanakwenda mpaka Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda. Zamani pale kulikuwa na daraja jembamba, gari moja moja linavuka. Japani ikatoa fedha, likajengwa daraja jipya pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, na Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame wakakizindua. Siku hizi maafisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Unasimama mara moja, unagongewa na wa huku na wa kule, unaondoka. Dereva aliyekuwa analala mpakani siku na siku, leo anakuambia mwenyewe tofauti.

Lakini kumbuka daraja hilo hilo la zamani ndilo lililovukwa na Wanyarwanda mwishoni mwa Aprili 1994. UNHCR ilihesabu watu kama 250,000 ndani ya saa 24. Siku ile hakukuwa na muda wa kuuliza nani kafadhili. Walipokewa Ngara, kwenye maji ya Ngara na kuni za Ngara. Na Desemba 1996 walirudishwa kupitia hapo hapo kwa amri ya serikali. Mpaka ni kitu cha namna hiyo. Leo unapitisha vitunguu na saruji, kesho unapitisha taifa zima.

Na mpaka usiposimamiwa vizuri, watu wanapita pembeni na wanakufa. Juni 2012, huko Kongwa mkoani Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa, walikuwa wamefungiwa ndani ya lori wakielekea kusini. Walikuwa vijana kama wewe, waliosikia kuna maisha Afrika Kusini. Wenzao wengine waliokamatwa walikaa magerezani kwetu mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilipopata fedha ya kuwarudisha kwao kwa hiari. Ona hapo tena: mtu anabaki gerezani au anakwenda kwa mama yake, kutegemea kama kuna nchi imetoa hela ya tiketi.

Tena hiyo IOM yenyewe ilizaliwa mwaka 1951 kwa ajili ya Wazungu! Vita vya Pili vya Dunia viliacha Ulaya imejaa watu wasio na makazi, wakasaidiwa kwenda kuanza maisha Amerika ya Kusini, Kanada na Australia. Na wakati wa vita maelfu ya Wapolandi waliishi Tengeru, Arusha, wakilima na kusomesha watoto kwenye ardhi yetu. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kukimbia makwao ni tabia ya Mwafrika.

ALIYEKATAA NA ALIYEKATA

Sasa rudini kwa mtemi. Nilisema mgeni alileta nguo, masharti yalikuwa ya mtemi. Siku hizi mara nyingi anayeleta hela anakuja na masharti mkononi. Novemba 2015 viongozi wa Ulaya na Afrika walikutana Valletta, Malta, ukaanzishwa mfuko maalumu wa Ulaya kwa Afrika, kwa kuanzia euro bilioni 1.8. Lengo lilisemwa wazi: kutatua vyanzo vya watu kuhama kiholela. Kwa lugha ya kijiweni, tunawapeni hela ili vijana wenu wasije huku. Si dhambi, kila mtu analinda mlango wake. Lakini ujue unachouza.

Februari 2018 Rais Magufuli aliwaambia mabalozi kwamba Tanzania inajitoa kwenye mpango mpya wa Umoja wa Mataifa wa kushughulikia wakimbizi, ule ambao nchi zenye wakimbizi wengi zilitakiwa kuwafungulia zaidi milango ya kazi na huduma. Sababu zilikuwa mbili, usalama na fedha. Miongoni mwa yaliyozungumzwa wakati ule ni fedha za Benki ya Dunia ambazo sehemu yake ingekuwa mkopo. Watu wengi wakauliza: mgeni ni wa dunia nzima, kwa nini deni liwe langu? Mimi naona swali lilikuwa halali. Ila aliyelipia ule ugomvi ni mkimbizi wa Nyarugusu na Nduta, ambaye nafasi ya kufanya kazi nje ya kambi iliendelea kubanwa.

Halafu ikaja 2025. Januari mwaka huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kumbe mashirika haya yalikuwa yanaitegemea kama mtoto anavyotegemea ziwa! Machi IOM ikasema wafanyakazi wake zaidi ya 6,000 wataguswa na upunguzaji. Juni UNHCR ikatangaza kufuta nafasi kama 3,500. Na tayari kabla ya hapo, mwaka 2023, mgao wa chakula kwenye kambi za Kigoma ulikuwa umeshuka mpaka nusu kwa uhaba wa fedha. Merikani imekatwa, bwana. Mtegemea cha nduguye...malizia mwenyewe.

TUFANYEJE?

"Anko, mimi nauza mitumba Karume, hiyo inanihusu nini?"

Inakuhusu. Siku utakayokwenda Oman kufanya kazi za ndani, au Afrika Kusini kutafuta, utakuta sheria na mikataba imeandikwa tayari. Imeandikwa na waliokuwa mezani, na kwenye meza hizo mkono mtupu haulambwi. Nchi inayolipa ada yake kwa wakati, inayotuma wataalamu wake na kujenga kituo chake, inasikilizwa. Inayongoja kununuliwa kompyuta za mpakani, inapewa na programu ya kuziendesha, na maswali ya kumuuliza msafiri.

Najua utaniambia madawati hayatoshi, tukachangie mikutano ya uhamiaji? Hoja nzuri. Sijasema tushindane na Japani. Nasema kidogo chetu kiwepo kila mwaka, kisisubiri mgeni. Na tunacho cha kuanzia. Moshi kuna chuo cha Uhamiaji ambacho tangu mwaka 2009 kina kituo cha IOM cha kufundisha maafisa wa Afrika. Majirani zetu wanakuja kusoma kwetu. Huo ni mtaji, tuutunze kwa hela yetu.

La pili, tuandike bili. Pori la Ulyankulu, kuni za Ngara, visima vya Kigoma, mishahara ya polisi na wauguzi wetu. Tuhesabu kwa shilingi, kila mwaka, na hesabu hiyo iwe mezani kabla mfadhili hajafungua mkoba. Mtemi wa zamani hakuwa na kiwanda cha nguo wala benki. Alikuwa na kisima, na alijua thamani ya kisima chake.

Na wewe msomaji wangu, siku ukipita mpakani ukaona kibao "Mradi huu umefadhiliwa na watu wa nchi fulani", usikipite kama unavyopita tangazo la sabuni. Shukuru, maana kutoa ni moyo. Kisha uliza upande wetu tumetia nini, na uliza hela hiyo ikikoma mwakani, nani atabaki hewani.

Kijana wa Ulyankulu aliyesubiri cheti anaweza kukujibu hilo la mwisho bila kufikiri.

Haya, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Na huyo binamu wa majuu, mpigie tena leo. Labda atapokea.